Open Buildings ya Google kwa kutambua sura ya vijiji: nzuri, ila chunga mapaa ya nyasi

Kwa kazi ya kutenganisha vijiji vilivyosongamana, vilivyofuata barabara na vilivyotawanyika, hakuna data ya bure inayookoa muda kama Open Buildings. Toleo la 3, la mwaka 2023, lina mipaka ya majengo bilioni 1.8 yaliyotambuliwa kwenye picha za setilaiti zenye pikseli ya sentimita 50. Pikseli ya Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya yenye picha za bure, ni mita 10, inaimeza nyumba nzima.

Faili ni CSV (majedwali ya maandishi) zilizobanwa, na QGIS, programu ya bure ya ramani, inazifungua. Hamisha kwanza tabaka lako kwenye kanda ya UTM ya eneo husika, yaani mfumo wa ramani unaopima kwa mita. Ukibaki na digrii za latitudo na longitudo, umbali wa 100 utasomwa kama digrii 100, na vijiji vyote vitakuwa kundi moja.

Penye kazi hasa ni hapa: data inahesabu mapaa, haihesabu kaya. Nyumba, jiko, banda na ghala vya kaya moja ni poligoni (maumbo) nne, kwa hiyo makazi yaliyotawanyika yanasomeka kama yamesongamana. Endesha DBSCAN, njia ya kukusanya nukta zilizo karibu kuwa makundi, mara mbili, kila jengo likiwa nukta moja. Ya kwanza iwe ya mita 20, kundi likubaliwe hata likiwa na nukta 1. Hizo ndizo kaya. Chukua kitovu cha kila kaya, kisha endesha ya pili kwa mita 100 na nukta 5. Namba hizi ni za kuanzia tu, zipime kwenye vijiji kumi ulivyovikagua kwa macho.

Zungushia kila kundi mstatili mdogo kabisa ulioinama kulifuata. Urefu ukizidi upana mara nne, hicho ni kijiji cha mstari. Kijiji kinachofuata kona ya mto kitakudanganya, maana mstatili wake hukaribia mraba. Hapo pima ni kaya ngapi ziko ndani ya mita 50 kutoka mtoni au barabarani.

Udhaifu mkubwa ni mapaa ya nyasi. Kibanda cha duara chenye rangi ya udongo unaokizunguka mara nyingi hakionekani kabisa, na kikionekana hupata alama ndogo ya uhakika, ile inayosema data ina uhakika kiasi gani kwamba hilo ni jengo. Alama zinaanzia 0.65. Wengi hukata kwenye 0.75 wapate data safi, kumbe wanabakiza mabati na kufuta nyasi, na kijiji kilichosongamana kinaingia kwenye jedwali kama kilichotawanyika. Bakiza zote, kisha futa kwa mkono miamba na makontena yaliyodhaniwa nyumba. Ni kazi ya kuchosha, lakini usiiruke.

Data haionyeshi tarehe ya picha ya kila jengo, kwa hiyo haifai kulinganisha mwaka na mwaka. Kwa hilo kuna Open Buildings 2.5D Temporal ya 2016 hadi 2023, ambayo haina mipaka ya jengo mojamoja.