Mlio wa Risasi na Mshindo wa Mtutu: Upi Unaonyesha Aliko Mpigaji?

Risasi ya bunduki inayotoka kwa mita 900 kwa sekunde huitangulia sauti, ambayo huenda mita 343 hivi hewa ikiwa na nyuzijoto 20. Kwa hiyo aliye mbele husikia kwanza "ta!" kali: wimbi la mshtuko linaloburutwa na risasi yenyewe. Mlio huo hudanganya, kwani sikio huuelekeza pembeni. Mshindo mzito wa mtutu, "du!", hufuata, huo ndio wa kuaminiwa, mradi hakuna ukuta au kilima cha kurudisha mwangwi. Pengo la sekunde 1 kati ya "ta!" na "du!" humaanisha mpigaji yuko takribani mita 600. Kiwambo cha sauti, kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, hupunguza mshindo tu, "ta!" hubaki. Kombora la mota (mzinga mfupi unaorusha kombora juu) kwa kawaida huenda polepole kuliko sauti, hivyo mshindo hutangulia.