Bunduki ya XRF ya kupimia skrepa: anza na kidirisha

Mwaka jana nilinunua bunduki ya XRF iliyotumika, yaani kifaa cha mkononi kinachotambua aina ya metali kwa eksirei. Wiki ya tatu, nikipima mfuko wa chenga za mashine ya kukereza, chenga moja ilitoboa kidirisha, yaani utando wa puani, ikaingia hadi kwenye detekta, kile kipokezi cha miale. Skrini ikaleta hitilafu, kazi ikafia hapo. Muuzaji hapokei simu mpaka leo.

Mnaniuliza sana habari za kasi ya kupima. Mashine yoyote ya maana hutenganisha stenlesi 304 na 316 kwa sekunde chache, kwa kuwa 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3. Na hakuna itakayokutenganishia 304 na 304L, maana zinapishana kaboni, na miale ya kaboni ni dhaifu mno kwa bunduki hizi. Anayekuambia XRF yake inasoma kaboni, achana naye.

Kinachokula hela ni kidirisha kikitoboka. Eksirei hupiga elektroni za ndani za atomu, kila metali ikarudisha miale yenye nishati yake. Ili miale hiyo ipite, puani huwekwa utando mwembamba kuliko unywele. Utando unabadilisha mwenyewe pale pale dukani. Detekta iliyo nyuma yake ikiharibika inasafirishwa kiwandani, na bili yake inaumiza.

Namba moja kwangu ni Bruker S1 Titan, na mapenzi yangu kwake sifichi: ina kinga maalumu ya detekta, na uzito wake ni kama kilo moja na nusu. Muuzaji akuthibitishie kwa maandishi kwamba ya kwako imefungwa kinga hiyo. Namba mbili ni Vanta, haiogopi vumbi wala kuanguka, ila uliza kama modeli hiyo ina shata (kifuniko kinachojifunga) ya detekta. Tatu, Niton.

Za bei poa zisizo na jina, utando wa akiba utautoa wapi? Ziache.

Wauzaji wetu wananichosha. Mashine ya mamilioni, bei "njoo inboksi"! Ukiuliza kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, wanahamisha mazungumzo, na atakayebanwa ni wewe mnunuzi.

Ukinunua iliyotumika, pima kwanza kipande cha stenlesi 2205: kromi isome karibu asilimia 22, nikeli 5, molibdeni 3. Kisha zima, toa betri, bandua utando, mulika tochi bila kugusa kitu. Ukiona alama yoyote kwenye detekta, usitoe hata shilingi.