Rekodi za Heinrich Schütz: uanze na ipi?

Schütz, mtunzi Mjerumani (1585–1672), ametunga mengi mno, kwa hiyo boksi la kazi zake zote lisubiri. Anza na Musikalische Exequien, muziki wa maziko ya mtawala Heinrich Posthumus wa Reuss, aliyezikwa Gera, Ujerumani, Februari 1636.

Namba moja ni rekodi ya kundi la Vox Luminis wakiongozwa na Lionel Meunier (lebo ya Ricercar, 2011). Waimbaji ni wachache, na maneno yanasikika moja baada ya jingine. Ipime kwa sehemu ya tatu: kwaya ya sauti tano inaimba wimbo wa mzee Simeoni, huku soprano mbili na besi moja zikiitikia kutoka mbali, kama mtunzi alivyoagiza. Kwenye spika moja ya simu umbali huo hufa na makundi yote mawili huwa uji mmoja. Tumia hedifoni, au spika mbili zilizoachana. Anayependa kwaya nene zaidi achukue ya Gardiner na Monteverdi Choir (Archiv).

Kabla ya kulipa, soma namba za SWV, yaani orodha ya kazi za Schütz. Kazi hii ni 279, 280 na 281. Ukiona 281 peke yake, unauziwa kipande. Ukinunua faili, washa mpangilio wa kucheza bila pengo, la sivyo sehemu ya kwanza, ambayo mara nyingi hukatwa vipande, itakwamakwama katikati ya sentensi.

Ya pili ni Geistliche Chormusik ya 1648, Dresdner Kammerchor na Hans-Christoph Rademann (Carus): moteti (nyimbo za kidini za kwaya) 29 za sauti tano hadi saba, SWV 369–397. Mwalimu wa kwaya aipandishe iwe ya kwanza, maana Carus huchapa pia nota. Tatutatu zinatosha kwa siku. Zaidi ya hapo sikio huchoka.

Psalmen Davids (1619, SWV 22–47) ya makundi ya Cantus Cölln na Concerto Palatino iwe ya tatu, si kwa ubovu. Kwaya zinajibizana kwa mtindo ambao Schütz alijifunza Venice kwa mtunzi Gabrieli, tromboni zikiwemo, na spika ndogo hazibebi mzigo huo.

Mikusanyo ya "nyimbo bora" iache.

CD ya mtumba idai kijitabu chenye maneno na tafsiri. Igeuze kwenye mwanga: mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi husameheka, unaofuata mzunguko ndio huifanya irukeruke.