Ukitaka kuingia kwenye fanki: albamu za kuanza nazo na za kuweka kiporo

Orodha nyingi za albamu za fanki, ule muziki wa Wamarekani Weusi unaotembea kwa besi na drams, humtupa mgeni moja kwa moja kwenye There's a Riot Goin' On ya Sly & the Family Stone, ya mwaka 1971. Ni albamu kubwa, sibishi, ila kwa anayeanza haifai. Sly Stone alirekodi, akafuta, akarekodi tena juu ya mkanda uleule mpaka sauti za juu zikachakaa, na midundo mingi humo ni ya mashine ya Maestro Rhythm King, si ya mpiga drams. Asiyejua hayo atasikia ukungu mtupu na kudhani spika yake imeungua. Hata wimbo unaobeba jina la albamu uliandikwa kwenye jalada kuwa una urefu wa 0:00, yaani haupo. Iweke kiporo kwanza.

Chaguo langu la kwanza ni In the Jungle Groove ya mwimbaji James Brown. Wapenzi wa santuri za awali watanuna, maana huu ni mkusanyo uliotoka 1986, wenye rekodi za miaka ya 1969 hadi 1971. Lakini sababu ninayo. Enzi zile nyimbo zake ziliuzwa kwenye santuri ndogo ambayo upande mmoja hubeba dakika tatu hivi, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, kimoja kila upande. Fanki ikikatwa hivyo, inaisha kabla mwili haujaizoea. Humu "Funky Drummer" ipo nzima, dakika tisa na ushei.

Kaa na wimbo huo mmoja kabla ya kwenda kwingine. Msikilize mpiga drams Clyde Stubblefield peke yake: mkono mmoja uko kwenye hai-hati (yale matoazi mawili yanayokutana) bila kupumzika, vipigo vinne kwa kila hesabu, na mwingine unadokoa sneya (ile dramu ndogo yenye mlio mkali) kwa vipigo vidogo mno katikati ya vile vizito. Hivyo vidogo ndivyo vinavyousukuma wimbo. Dakika ya tano ikishapita, Brown anawanyamazisha wenzake na kumwachia Stubblefield uwanja. Kipande hicho, sekunde ishirini hivi, kimekatwa na kutumiwa na watu wa hip-hop kiasi kwamba huenda umeshakisikia bila kujua ni cha nani. Stubblefield hakuandikwa kama mtunzi, kwa hiyo mirabaha yake hakuiona.

Sasa hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye soul na roki uzito huangukia mbili na nne, na makofi hupigwa hapo. Brown aliuhamishia kwenye moja. Piga mguu chini kila ifikapo moja na utasikia besi, drams na matarumbeta, kila kimoja kikiwa na njia yake, vikikutana hapohapo. Usipoipata moja, kila kitu kitaonekana kimechelewa au kimewahi.

Masikio yaliyolelewa na sebene yana faida na yana kasoro. Hayachoki na mzunguko unaorudi dakika nane, hiyo ni faida. Kasoro ni kwamba yanamsubiri mpiga gitaa la solo apande. Kwa Brown mpiga gitaa hapandi. Gitaa linakuna sauti zilezile mbili tatu tangu mwanzo hadi mwisho, kazi yake ni mdundo. Ukiacha kulisubiri, utaanza kulisikia.

Kuhusu vifaa, usianze na spika ya simu. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne una mtetemo wa hezi 41, na kispika cha simu hakiwezi kuutoa, kwa hiyo nusu ya wimbo haikufikii. Spika za masikioni za waya za kawaida zinatosha. Zima kikuza besi: kinavimbisha besi na dramu ya mguu mpaka zinakuwa donge moja, na raha yote ni kuzisikia zikipishana. Kwenye programu ya muziki zima pia kile kipengele cha kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, kinameza drams za kufungulia. Kwa bando, albamu ya dakika 40 kwa ubora wa kbps 320 inakula takriban MB 96. Kwa kbps 96 ni kama MB 29, ila hai-hati inageuka kuwa kelele za mchanga. Pakua kwa Wi-Fi. Ukiona "re-recorded" mbele ya jina la wimbo, ruka. Huo umeimbwa upya miaka mingi baadaye.

Tahadhari nyingine: Sex Machine ya Brown ya 1970 inauzwa kama rekodi ya jukwaani, lakini sehemu yake ni ya studio iliyobandikwa makofi. Nyimbo ni nzuri, makofi yanaudhi. Anayetaka kumwona jukwaani kweli atafute filamu ya Soul Power, ya tamasha la Kinshasa la Septemba 1974.

Kama huna haja na waimbaji, nenda Head Hunters ya mpiga kinanda wa jazz Herbie Hancock, 1973, nyimbo nne tu. Ni yuleyule aliyekuwa akijiita Mwandishi miaka michache nyuma, wenzake bendini nao wakiwa na majina ya Kiswahili. Gitaa la kawaida halimo kabisa. Besi ya kufungulia "Chameleon" inapigwa kwa kinanda cha ARP Odyssey, na unachodhani ni gitaa ni Paul Jackson akipiga besi yake juu kabisa. "Vein Melter" inaburuta; sikulazimishi.

Mothership Connection ya Parliament, 1975, ndiyo ya sherehe. Inaanza kwa maneno mengi ya mtangazaji wa redio na wengi hukata tamaa hapo. Vumilia, Bootsy Collins yuko kwenye besi na waliokuwa wapulizaji wa Brown, Maceo Parker na Fred Wesley, wamo. Usiichanganye na Maggot Brain ya Funkadelic, 1971: kiongozi wa bendi zote mbili ni George Clinton, lakini wimbo wa kwanza ni dakika kumi za gitaa la roki la Eddie Hazel.

The Meters wa New Orleans nawaweka baada ya hapo. Look-Ka Py Py ni nyimbo fupifupi zisizo na uimbaji, na mpiga drams Zigaboo Modeliste haweki uzito pale unapoutarajia, kwa hiyo mwenye masikio mapya hupotea. Rejuvenation, 1974, ina sauti za kuimba na inashikika upesi; anza na "Just Kissed My Baby".