FreeStyle Libre 2 kwa kijana mwenye kisukari: tazama mshale kabla ya namba

Kudunga kidole mara nne au zaidi kwa siku kunachosha, na kijana aliyechoka huishia kuandika vipimo vya kubuni kwenye daftari la kliniki. FreeStyle Libre 2 ya kampuni ya Abbott inapunguza sana adha hiyo. Ni kihisi cha sukari, cha duara, kidogo kama sarafu, kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kwa siku 14. Unakisoma kwa simu yenye programu ya FreeStyle LibreLink.

Kabla ya kubandika, futa ngozi kwa spiriti na uache ikauke kabisa. Ngozi yenye mafuta au jasho ndiyo inayofanya kihisi kibanduke siku ya tatu. Kikishakaa, subiri dakika 60 ndipo kianze kutoa vipimo.

Uzuri wake mkubwa ni mshale. Glukomita, yaani kipimo cha kudunga kidole, ikisema 5.6 (mmol/L), kijana anaona yuko salama. Libre ikionyesha 5.6 na mshale umeelekea chini kabisa, maana yake sukari inashuka kwa zaidi ya 0.1 kila dakika: baada ya robo saa atakuwa kwenye 4.1 au chini zaidi. Huyo asiingie uwanjani kucheza mpira kabla ya kula kitu.

Lakini kihisi hupima majimaji yaliyo chini ya ngozi, si damu yenyewe, kwa hiyo huchelewa dakika kadhaa. Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Sukari imeshuka, amekunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, simu bado inaonyesha inashuka, anaongeza soda na biskuti; saa moja baadaye yuko kwenye 15. Asubiri dakika 15, kisha apime kwa kidole. Glukomita isitupwe. Ni hiyo hiyo itakayothibitisha pale alamu ya sukari kushuka inapolia usiku kwa sababu tu kijana ameulalia mkono wenye kihisi.

Alamu zinahitaji simu iliyopangwa vizuri. Bluetooth iwe imewashwa, programu iruhusiwe kutoa arifa, na kwenye Android iondolewe kwenye orodha ya programu zinazozimwa ili kuokoa betri. Simu ikiachwa chumba cha pili, mawasiliano hukatika. Pia kihisi hutunza kumbukumbu za saa 8 tu; kijana anayelala kwa muda wa saa 10 siku ya Jumamosi, simu ikiwa mbali na bila kuskani (kusogeza simu karibu na kihisi), ataona pengo kwenye grafu.

Kwa shule za bweni zinazokataza simu, nunua kisomaji chake, kifaa kidogo cha kusomea kihisi badala ya simu, na uanzishe kihisi kwa kisomaji hicho, maana kifaa kilichoanzisha ndicho kitakacholia. Kwa kijana wa kutwa, programu ya LibreLinkUp humwezesha mzazi kuona vipimo akiwa kazini, mradi simu ya mtoto ina bando.

Gharama ndiyo kikwazo kikubwa: vihisi 26 kwa mwaka. Familia isiyomudu itumie kwa wiki mbili kabla ya kliniki, ili daktari aone usiku na mchana ndipo arekebishe insulini. Muda uliobaki, glukomita yenye Bluetooth kama Accu-Chek Instant pamoja na programu ya mySugr inafaa: kipimo huingia chenyewe kwenye simu na saa yake, na hakuna namba ya kubuni.