Kifuniko cha wavu kwa bwawa la nyumbani: uzoefu wangu, na lini hasa cha kufunga

Kifuniko cha wavu cha majira ya baridi nakipa alama za juu, lakini kwa sharti ambalo wauzaji wengi hawalisisitizi: kisitandazwe kabla maji hayajapoa vya kutosha. Wengi wanaokilaumu kwa sababu walifunua bwawa wakakuta maji ya kijani walikuwa wamefunga mapema mno, maji yakiwa bado vuguvugu.

Kalenda si kipimo. Kipimo ni joto la maji. Mwani hukua haraka maji yakiwa na joto, na kasi yake hupungua sana yakishuka chini ya 15°C. Mafundi wengi hufunga maji yakifika 18°C, na kwa kifuniko kizito kisichopitisha mwanga hilo linavumilika. Kwa wavu mimi sikubali 18°C. Nasubiri 15°C au chini ya hapo, na joto likae hapo karibu wiki nzima. Wavu hupenyeza mwanga kidogo, na mwani hauhitaji mwanga mwingi kuanza. Tena mvua na theluji inayoyeyuka hupita moja kwa moja, zikileta vumbi laini na kuzimua klorini uliyoacha ndani. Pampu imezimwa na hakuna anayeongeza dawa, kwa hiyo klorini ya siku ya mwisho ndiyo akiba yote. Katika maji baridi akiba hiyo hukaa muda mrefu. Katika maji ya 20°C huisha upesi.

Pima asubuhi, kipimajoto kikiwa kimezama kama nusu mita. Maji ya juu juu hudanganya, kwa sababu hushika jua la mchana na baridi ya usiku kabla ya yale ya chini. Bwawa hupoa polepole kuliko hewa, kwa hiyo usiku mmoja au miwili ya baridi kali haimaanishi kwamba wakati umefika.

Wenye mtambo wa chumvi (unaotengeneza klorini kutokana na chumvi iliyo majini) wawe macho hapa. Mitambo mingi huacha kutengeneza klorini maji yakikaribia 15°C au yakishuka chini kidogo ya hapo, wakati bwawa bado halijafungwa. Taa huwaka, pampu huzunguka, lakini klorini haiongezeki. Kipindi hicho cha kusubiri ongeza klorini ya maji kwa mkono na upime kila baada ya siku mbili.

Kusubiri nako kuna mpaka, nao ni barafu. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na kinachopasuka kwanza ni vile vilivyo juu ya ardhi: kasha la pampu, chujio, vali na mabomba ya kipasha joto. Pampu ikiwa inazungusha maji, baridi ya usiku inayogusa sifuri haina madhara, na kidhibiti cha baridi kinachowasha pampu hewa ikishuka hadi kama 3°C hufanya kazi nzuri. Udhaifu wake ni umeme kukatika. Utabiri ukionyesha siku kadhaa ambazo hata mchana joto halitapanda juu ya sifuri, usingoje tena: funga mabomba siku hiyo hata kama maji yako 16°C, na kifuniko kifuate baadaye.

Kama kuna miti karibu, tandaza wavu mwepesi wa majani wakati unasubiri. Majani yakilowa juu ya kifuniko hutoa maji ya rangi ya chai yanayochuruzika ndani na kuacha madoa kwenye plasta.

Kabla ya kufunga, hakikisha maji ni safi kwa kipimo, si kwa macho. Pima klorini jua likishazama, pima tena kabla halijachomoza. Ikiwa imepungua kwa zaidi ya miligramu 1 kwa lita, kuna kitu kinaila, na ukifunga hivyo utafungua mwani. Sugua kuta, vuta uchafu, kisha pandisha klorini hadi karibu miligramu 10 kwa lita ikiwa asidi sianuriki (inayokinga klorini dhidi ya jua) iko kati ya miligramu 30 na 50 kwa lita. Kwa makadirio, lita 1 ya klorini ya maji ya 12.5% huongeza miligramu 2.5 hivi kwa lita katika bwawa la lita 50,000. Zungusha maji siku nzima baada ya hapo. Dawa ya mwani si ya lazima, na ukiitumia subiri klorini ishuke kwanza, maana klorini nyingi huivunja. Kwa bwawa la plasta usiache pH na kalsiamu chini: maji baridi hula plasta zaidi kuliko ya joto. pH ya 7.5 au 7.6 na kalsiamu isiyopungua miligramu 200 kwa lita ni salama.

Kuhusu mabomba sina jipya sana. Puliza kwa blowa (mashine ya kupuliza) yenye hewa nyingi na shinikizo dogo mpaka njia ya kurudishia maji itoe hewa tupu, ziba kwa kizibo cha mpira, kisha hamia nyingine. Bomba la chini kabisa puliza hadi uone viputo vikipanda juu, halafu funga vali papo hapo ili hewa ibaki ndani. Fungua vizibo vya kumwagia maji vya pampu (kwa kawaida viwili) na uviweke ndani ya kikapu chake visipotee. Dawa ya kuzuia kuganda iwe ya propilini glaikoli. Ile ya magari, ya ethilini glaikoli, ni sumu.

Kimo cha maji ndipo kifuniko hiki huharibiwa zaidi. Theluji ikilundikana, kifuniko hulala juu ya maji, na maji ndiyo hubeba uzito. Yakishushwa mno, mikanda na springi hubeba mzigo wote na mishono hufumuka. Shusha hadi chini kidogo ya mdomo wa skima (tundu la ukutani linalofyonza maji ya juu), bila kupita kikomo cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi ni kama sentimita 45 kutoka ukingoni. Kwa kuwa mvua huingia, kagua katikati ya majira ya baridi, na maji yakikaribia skima yapunguze kwa pampu ya kuzamishwa. Kulimwaga bwawa lote usithubutu: maji ya ardhini yanaweza kulinyanyua, na bitana ya vinili hukunjamana.

Ukifunga mikanda, kaza springi hadi zibanwe karibu nusu ya urefu wake. Zikilegea, upepo hupigapiga kifuniko na kukisugua ukingoni, na hapo ndipo hutoboka kwanza. Weka vipande vya kinga kila mahali penye jiwe la kukwaruza. Vishikio vya shaba vya sakafuni, vinavyoshika mikanda, hujaa mchanga. Uvute mchanga kwa mashine ya vumbi kabla ya kuvifungua, la sivyo nyuzi za skrubu zitalika.

Kasoro yake ya kweli ni tope laini. Kifuniko cha wavu huacha tabaka jembamba chini ya bwawa, nalo lazima livutwe na kutupwa nje moja kwa moja bila kupitia chujio. Hata hivyo nakiona bora kuliko turubai linaloshikiliwa pembeni kwa mifuko ya maji. Juu ya turubai maji hutuama, na mtoto anaweza kuzama humo. Kifuniko kilichotimiza kiwango cha ASTM F1346 (kiwango cha Marekani cha usalama wa vifuniko vya mabwawa) hupimwa kwa uzito wa takriban kilo 220. Angalia kibandiko hicho kabla ya kununua. Na ukiamua kubaki na turubai, mifuko ijazwe robo tatu tu ili barafu isiipasue.

Kufunua pia kufuate joto lile lile: ondoa kifuniko kabla maji hayajapanda kupita 15°C, hata kama hakuna atakayeogelea kwa wiki kadhaa. Kioshe kwa maji matupu, kikauke pande zote mbili, kisha kikunjwe na kutiwa kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, kwa sababu panya hutafuna mikanda.