Mita ya Umeme kwa Hela Ndogo: Uzoefu Wangu Hapa Tanga

Nafanya kazi za waya za nyumba na sola, na vijana wanaoanza ufundi huniuliza sana: "Fundi, ninunue mita gani na hela yenyewe ndogo?" Mita hapa ni kile kifaa cha mkononi cha kupimia volti na mkondo, si mita ya LUKU. Nawaambia wasihesabu mita ina kazi ngapi. Watazame kwanza kama itawalinda, halafu kama inasema kweli.

Wengi wetu tulianza na ile yenye namba 830 usoni. Ukipita maduka ya vifaa vya umeme Ngamiani huikosi, na bei yake haifiki ya kuku wa kienyeji. Inatengenezwa na viwanda vingi, kwa hiyo mbili zilizofanana sura zinaweza zisifanane kabisa ndani. Mimi ninayo hadi leo na sitaisema vibaya kwa kazi zake. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika isome 12.6 au 12.7; ikiwa inachajiwa, 13.8 hadi 14.4. Paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa juani bila kuunganishwa na kitu, itoe 21 au 22. Kwa vipimo hivyo 830 inatosha.

Tatizo lake ni betri inayoiendesha, ile ya mraba ya volti 9. Betri ikichoka, mita haizimiki, inaanza kupandisha namba. Mita hupima kwa kulinganisha volti unayoiingizia na volti ndogo ya rejea iliyomo ndani yake, na hiyo ya rejea inategemea betri ile ile. Rejea ikishuka, kila unachopima kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Betri ya bajaji iliyokwisha inaweza kukusomea 13, ukamwambia mwenyewe betri yako nzima, kesho asubuhi bajaji haiwaki. Usingoje alama ya betri itokee kwenye kioo. Mimi naweka betri mpya ya rimoti kwenye begi, naipima kabla ya kuanza kazi. Alkalaini mpya husoma 1.5 hadi 1.6. Ikisoma 1.8, nabadilisha betri ya mita kwanza.

Kwenye meni swichi, 830 siipeleki. Fungua mgongo wake uone mwenyewe: fyuzi ni ya kioo, na tundu la ampia 10, lile la kupimia mkondo, mara nyingi halina fyuzi kabisa. Waya wa mita ukisahauliwa kwenye tundu hilo, kisha ncha ziguse laivu na nyutro za TANESCO, volti 230, hiyo ni shoti kamili na umeishika mkononi. Hata hiyo fyuzi ya kioo, mkondo ukiwa mkubwa sana inaweza kupasuka huku cheche zikiendelea kupitisha umeme. Fyuzi inayofaa ni ya kauri iliyojazwa mchanga, kwa sababu mchanga ndio unaozima zile cheche.

Soma pia herufi CAT karibu na matundu, yaani daraja la usalama linaloonyesha mita imejengwa kwa umeme wa sehemu gani. CAT II ni kwa vitu vinavyochomekwa kwenye soketi, kama feni, friji na redio. CAT III ni kwa waya za ukutani zenyewe, breka na meni swichi. CAT IV ni kule umeme unakoingilia nyumba, kwenye LUKU na laini ya nguzo. Volti zilizoandikwa mbele yake hazisemi yote: CAT II ya 600V inatakiwa kuvumilia mshtuko wa ghafla wa volti 4,000, lakini CAT III ya 600V inatakiwa kuvumilia 6,000. Msimu wa mvua na radi zake, mishtuko ya aina hiyo hupita kwenye laini. Ila kuchapa herufi hakuna gharama. Mita ya bei ya kuku ikijiita CAT III 1000V, mimi siamini mpaka nione fyuzi.

Nilikusanya hela kidogo kidogo nikanunua UNI-T UT139C. Imeandikwa CAT III 600V, inachagua renji (kiwango cha kupimia) yenyewe, inapima kapasita, na inatumia betri ndogo za kawaida ambazo kila duka la mtaani linazo. Ni ghali mara kadhaa kuliko 830. Kwa fundi wa nyumba naona imelipa.

Kilichonithibitishia ni inveta. Kule Deep Sea kuna kibanda cha kuchajia simu na taa za wavuvi, mwenyewe ameambiwa inveta yake imekufa kwa kuwa mita ilisoma volti 180 tu. Nikaipima kwa hii mpya, ikasoma 230. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama la TANESCO, zinatoa wimbi la ngazi-ngazi. Mita ya kawaida inapima wastani wa wimbi halafu inakisia, ikidhani wimbi ni laini, ndipo 230 halisi inapogeuka 180. Mita yenye maneno True RMS, kama hii yangu, inakokotoa wimbi lilivyo. Inveta ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni waya wa soketi ulioliwa na chumvi. Kama kazi yako ni sola, maneno hayo mawili yalipie.

Si kwamba haina upungufu. Kuchagua renji yenyewe kunachukua muda kidogo kabla namba haijatulia, na waya mtupu uliolala kando ya wenye umeme utakuonyesha volti ambazo hazina nguvu yoyote. Hilo la pili ni la mita nyingi za kisasa, kwa sababu zinavuta mkondo mdogo mno. Unganisha taa ya balbu kwenye waya huo, volti za uongo zinapotea.

Dukani, kabla ya kulipa, weka kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, na ugusishe ncha mbili. Isome chini ya omu 1, kisha chezesha waya karibu na shingo. Namba zikirukaruka, waya umekatika ndani. Halafu omba mgongo ufunguliwe muuzaji akiwepo. Akikataa, nenda duka la jirani.